Kwa nini chaji huru haitulii: kizimba cha umeme kisichojengeka

Chukua chaji moja chanya, ndogo sana, uiache huru katika ombwe. Pembeni una chaji nyingine kadiri upendavyo, chanya na hasi, kubwa na ndogo, na unaruhusiwa kuzikaza popote. Kazi yako ni kuzipanga ili ile chaji huru ielee mahali pamoja bila kugusa kitu, na ikisukumwa kidogo upande wowote irudi yenyewe ilipokuwa.

Kazi hii haiwezekani. Ukiwa na chaji mbili utashindwa, na ukiwa na bilioni mbili utashindwa vilevile. Aliyelithibitisha hilo ni Samuel Earnshaw, mwanahisabati wa Uingereza ambaye baadaye alikuwa kasisi, katika andiko lililosomwa Cambridge mwaka 1839 na kuchapishwa mwaka 1842. Yeye mwenyewe alikuwa anawaza jambo jingine kabisa. Wakati huo wanasayansi waliamini kwamba mwanga husafiri ndani ya kitu laini kinachojaza anga, kilichoitwa etha. Earnshaw alijiuliza: je, chembe za etha zinaweza kuvutana au kusukumana kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali, kama inavyopungua graviti? Akaonyesha kwamba haziwezi, kwa sababu chembe za namna hiyo zisingeweza kutulia mahali pake, na kisichotulia mahali pake hakiwezi kutikisika na kubeba wimbi. Etha ilikuja kutupwa. Hoja yake ikabaki, na leo inaitwa thiorema ya Earnshaw.

Naipenda thiorema hii kuliko nyingi za umeme, kwa sababu inakataza jambo ambalo macho yanaona linawezekana, kisha sababu yake ikieleweka inafungua njia ya kuelewa vitu vingi, kuanzia saa za atomi hadi swali la kwa nini jiwe ni gumu.

Kutulia kwa namna tatu

Neno "msawazo" linaficha mambo yasiyofanana. Gololi iliyo chini ya bakuli iko katika msawazo. Gololi iliyowekwa kwa uangalifu juu kabisa ya mpira nayo iko katika msawazo, maana kani zote zinazoigusa zinafutana. Tofauti inaonekana ukizigusa. Ya bakulini itayumba na kurudi, ya juu ya mpira itaondoka na haitarudi. Ya kwanza tunaiita msawazo imara, ya pili msawazo usio imara.

Kuna na ya tatu, na hii ndiyo itakayotusumbua. Weka gololi katikati ya tandiko la farasi. Ukiisukuma kuelekea mbele au nyuma, inakuta mwinuko na kurudi. Ukiisukuma kuelekea ubavuni, inateremka na kwenda zake. Mahali pamoja ni bonde kwa mwelekeo mmoja na kilele kwa mwelekeo mwingine. Kwa jumla hesabu yake ni kwamba si imara, kwani kushindwa upande mmoja kunatosha.

Earnshaw hakukataza msawazo. Katikati ya chaji mbili chanya zilizo sawa kuna nukta ambapo kani zinafutana kabisa, na chaji ukiiweka hapo hasa, haina sababu ya kusogea. Alichokataza ni msawazo imara. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi thiorema ikinukuliwa kana kwamba inasema chaji haziwezi kusawazishwa, na kuanzia hapo kila kinachofuata kinapotoka.

Ili tuzungumze kwa urahisi, tutumie potenshali ya umeme kama kimo cha ardhi kwenye ramani. Karibu na chaji chanya ardhi inapanda kuwa mlima, karibu na chaji hasi inazama kuwa shimo. Chaji chanya iliyo huru huteremka kama gololi. Swali letu sasa ni fupi: je, katika nafasi tupu, mbali na chaji zilizokazwa, ardhi hii inaweza kuwa na bonde?

Tujaribu kujenga kizimba

Njia nzuri ya kuelewa katazo ni kujaribu kulivunja. Chaji yetu huru ni chanya, basi tuizungushie chaji chanya ziisukume ndani.

Anza na mbili, moja kushoto na moja kulia, na chaji huru katikati. Isogeze kuelekea mojawapo kwa sehemu ya kumi ya umbali uliopo. Ukikokotoa, potenshali inapanda kwa takriban asilimia 1. Vizuri: kuna ukuta, chaji itarudishwa. Sasa irudishe katikati, kisha isogeze kwa hatua ileile, ila kwa kuuacha mstari unaounganisha zile chaji mbili. Potenshali inashuka kwa karibu nusu ya asilimia 1. Na mielekeo ya kuuacha mstari ni miwili, juu na chini, halafu mbele na nyuma. Kila mmoja unashuka nusu. Basi tumepata kupanda moja, kushuka nusu, kushuka nusu. Jumla yake ni sifuri. Weka hesabu hiyo akilini.

Tuzibe pengo. Ongeza chaji mbili, moja juu na moja chini, kwa umbali uleule. Jozi hii mpya inaleta kile kile ilicholeta ya kwanza: kwenye mstari wake inainua kwa moja, kwingineko inashusha kwa nusu. Ukijumlisha kwa kipimo kilekile, mwelekeo wa kushoto na kulia sasa unapanda kwa nusu tu, maana jozi mpya imeudhoofisha. Mwelekeo wa juu na chini nao unapanda kwa nusu. Na ule wa mbele na nyuma, uliobaki wazi, sasa unashuka kwa moja nzima. Nusu, nusu, toa moja. Sifuri tena.

Ongeza jozi ya tatu, mbele na nyuma. Sasa chaji yetu imezungukwa pande zote sita. Kwa kila mwelekeo jozi moja inainua kwa moja na mbili zinashusha kwa nusu kila moja. Matokeo yake ni sifuri, sifuri, sifuri. Ardhi imekuwa tambarare. Hapa wengi hudhani kwamba angalau tumefikia hali ya kutoshindwa, lakini hesabu hiyo ni ya makadirio ya kwanza tu. Ukikokotoa kwa undani zaidi, kwa hatua ileile ya sehemu ya kumi, kuelekea kwenye chaji yoyote kati ya sita kuna mwinuko mdogo mno, kama sehemu 6 kwa 100,000. Na kuelekea kwenye zile nafasi nane zilizo wazi, kila moja ikiwa kati ya chaji tatu, kuna mteremko wa kama sehemu 4 kwa 100,000. Umeme umeutafuta mwanya na kuupata.

Unaweza kuendelea hivi: chaji kwenye pembe nane za mchemraba, chaji ishirini, chaji elfu, hadi uwe na tufe zima ambalo chaji imesambaa sawasawa juu ya ngozi yake. Sasa mianya imekwisha. Ila ndani ya tufe la namna hiyo kani ni sifuri kila mahali, katikati, pembeni, na hata jirani kabisa na ukuta. Ardhi ni tambarare kweli kweli. Chaji haina pa kuteremkia, lakini haina pia kinachoirudisha. Kila mwanya tuliouziba tuliulipia kwa kuta. Tulipomaliza kuziba, hakuna ukuta hata mmoja uliobaki.

Mistari isiyo na pa kuishia

Mfano mmoja ulioshindwa si uthibitisho, hata mifano mia. Uthibitisho wenyewe ni mfupi kiasi cha kushangaza.

Uga wa umeme, yaani kani ambayo chaji ingeipata kila mahali, huchorwa kwa mistari ya kani. Mistari hii huanzia kwenye chaji chanya na kuishia kwenye chaji hasi. Katika nafasi tupu haizaliwi wala haifi, hupita tu. Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya Gauss ikisemwa kwa maneno ya kawaida. Sasa tuchukulie kwamba mahali fulani patupu pana msawazo imara kwa chaji chanya. Ukiisukuma kulia, uga unairudisha kushoto. Ukiisukuma juu, uga unairudisha chini. Kwa kila upande, uga unaelekea ndani. Chora tufe dogo kuzunguka mahali hapo: mistari yote inaingia na hakuna hata mmoja unaotoka. Itaishia wapi? Kwa kuwa haiwezi kufia patupu, lazima ndani ya tufe kuwe na chaji hasi ya kuipokea. Lakini tulisema hapo pana nafasi tupu, na chaji huru yenyewe haijisukumi kwa uga wake. Tumejipinga wenyewe, kwa hiyo mahali hapo hapapo. Kwa chaji hasi hoja ni ileile, ila mistari inageuzwa ielekee nje, ikose pa kuanzia.

Kuna njia ya pili ninayoiona nzuri zaidi, maana inaeleza zile sifuri zilizojirudia. Inasema hivi: katika nafasi tupu, potenshali ya nukta yoyote ni sawa na wastani wa potenshali za nukta zote zilizo juu ya tufe linaloizunguka. Ukilikubali hili, kazi imekwisha. Chini ya bonde ni mahali palipo chini kuliko majirani wote, na hakuna anayeweza kuwa chini ya wote na wakati huohuo akawa sawa na wastani wao. Kama jirani mmoja yuko juu, mwingine lazima awe chini. Basi kila sehemu ya kutulia katika nafasi tupu ni tandiko au ni tambarare.

Na wastani huo unatoka wapi? Fikiria chaji moja iliyokazwa mbali, iite A. Karibu nasi chora tufe, usambaze juu yake chaji nyingine sawasawa. Nishati ya hiyo chaji iliyosambazwa ndani ya uga wa A inategemea wastani wa potenshali ya A juu ya tufe. Lakini nishati ni ya wawili hao kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kuihesabu ukianzia upande wa pili, yaani nishati ya A ndani ya uga wa tufe. Na tufe lenye chaji iliyosambaa sawasawa, likitazamwa kutoka nje, hutenda kana kwamba chaji yake yote iko kwenye kitovu. Kwa hiyo nishati ni ileile ambayo ingekuwapo kama chaji yote ingekaa kitovuni. Basi wastani juu ya tufe ni sawa na thamani ya kitovuni. Chaji zikiwa nyingi unajumlisha tu, moja moja.

Mbili, na si namba nyingine

Hoja zote hizo zinasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kanuni aliyoipima Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785: kani kati ya chaji mbili hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, kani inakuwa robo. Eneo la tufe nalo huongezeka kwa mraba wa nusukipenyo chake. Kani inapungua kwa kiwango kilekile ambacho eneo linakua, na ndiyo maana idadi ya mistari inayopenya tufe dogo na tufe kubwa ni ileile.

Tuchezee namba hiyo kidogo. Kama kani ingepungua haraka zaidi, tuseme kwa mchemraba wa umbali badala ya mraba, kile kizimba chetu cha chaji sita kingefanya kazi. Katikati yake pangekuwa na bonde la kweli. Na kama kani ingepungua polepole zaidi ya mraba, kizimba cha chaji zinazofanana kingeshindwa, lakini kizimba cha chaji sita hasi kingeweza kuinasa chaji chanya. Upande mmoja wa namba 2 unafungua mlango mmoja, upande wa pili unafungua mwingine. Ni kwenye 2 kamili tu ambapo milango yote miwili imefungwa.

Je, ni 2 kamili? Hapa lile tufe tupu, ambalo lilikuwa mwisho wa kizimba chetu, linageuka kuwa kipimo. Kani ndani yake ni sifuri ikiwa tu namba hiyo ni 2. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 Henry Cavendish aliweka tufe ndani ya tufe, akalipa la nje chaji, akaunganisha la ndani na la nje, kisha akatafuta chaji kwenye la ndani. Hakuipata, na akahitimisha kwamba namba hiyo haipishani na 2 kwa zaidi ya sehemu moja ya hamsini. Hakuchapisha. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatoa maandishi yake mwaka 1879, naye akarudia jaribio na kuifikisha tofauti chini ya 1 kwa 21,600. Mwaka 1971 Williams, Faller na Hill walifika mbali zaidi: kama ipo tofauti yoyote na 2, haifiki hata tarakimu ya 15 baada ya nukta. Kwa hiyo katazo la Earnshaw limesimama juu ya mojawapo ya namba zilizopimwa kwa usahihi mkubwa kuliko zote katika fizikia.

Graviti pia hufuata mraba wa umbali, kwa hiyo kuitegemea hakusaidii. Mtu anaweza kudhani uzito utavuta chini, umeme utasukuma juu, na hapo katikati chaji itatulia. Kwa mwelekeo wa wima inawezekana. Pembeni itatoroka. Robert Millikan, alipokuwa anapima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta kati ya mwaka 1909 na 1913, aliliacha tone lielee kati ya bamba mbili kwa kusawazisha uzito na umeme, lakini msawazo huo haukuwa na kitu cha kulirudisha tone likihama. Kilichomsaidia ni hewa, iliyolipunguzia mwendo akapata nafasi ya kurekebisha volteji. Msuguano unachelewesha kuanguka. Hauugeuzi mlima kuwa bonde.

Milango iliyo wazi

Na bado, leo kuna maabara zinazoshika ayoni moja, yaani atomi yenye chaji, katika ombwe kwa siku nyingi. Hakuna aliyemshinda Earnshaw. Kila mtego wa namna hii umeyasoma masharti ya thiorema na kupita pale isiposema kitu. Masharti yenyewe ni kwamba chaji zimekazwa au zinatenda kana kwamba zimekazwa, uga haubadiliki kwa muda, hakuna kani ya aina nyingine, na mahali penyewe ni patupu.

Wolfgang Paul, mjerumani aliyefanya kazi Bonn, alipitia kwenye muda. Rudi kwenye tandiko na gololi yake. Gololi inataka kuteremkia ubavuni. Kabla haijafika mbali, zungusha tandiko, ili pale palipokuwa na mteremko pawe na mwinuko. Ukizungusha kwa kasi inayofaa, gololi inabaki. Watu wamelitengeneza tandiko hilo kwa kweli, na gololi hubaki juu yake. Katika mtego wa Paul, tandiko ni la potenshali, na badala ya kuzungushwa linapinduliwa na volteji inayobadilika chanya na hasi, kwa kawaida mamilioni ya mara kwa sekunde.

Maelezo ya kwamba "wastani unavuta ndani" hayaniridhishi, maana wastani wa kupanda na kushuka kulikolingana ungepaswa kuwa sifuri. Siri iko kwenye mtikisiko wenyewe. Ayoni inatikisika kila volteji inapogeuka, na kwa kuwa ina uzito, mahali ilipo hukawia nyuma ya kani: inapokuwa mbali na katikati ndipo kani inaelekea ndani, na inapokuwa karibu zaidi ndipo kani inaelekea nje. Na uga wa tandiko una nguvu zaidi mbali na katikati. Basi msukumo wa kuingia hutokea mahali penye uga mkali, na wa kutoka hutokea mahali penye uga hafifu. Havifutani. Salio lake ni kuvuta kwenda katikati, pande zote. Kwa mtego wa namna hii, mwaka 1980, kundi la watafiti huko Heidelberg liliiona ayoni moja ya bariamu, peke yake, iking'aa. Paul alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989 pamoja na Hans Dehmelt na Norman Ramsey, na mitego ya jamii hii sasa imo ndani ya saa sahihi kuliko zote na katika aina mojawapo ya kompyuta za kwanta.

Dehmelt alipitia mlango wa sumaku. Uga wa umeme unabaki tuli kabisa na una umbo la tandiko, unaoifunga chembe juu na chini lakini unaisukuma itoroke pembeni. Juu yake unawekwa uga sumaku wenye nguvu. Kani ya sumaku huigusa tu chaji inayotembea, nayo huipinda mwendo wake kwa upande. Kila chembe inapoanza kutorokea pembeni, njia yake inapindwa mpaka inakuwa duara. Dehmelt aliuita mtego wa Penning, kwa heshima ya mwanafizikia wa Uholanzi Frans Penning, na mwaka 1973 yeye na wenzake waliishika elektroni moja. Huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kundi la BASE liliwahi kuzihifadhi antiprotoni, chembe za antimata, kwa siku 405, vitu ambavyo vingegusa ukuta wowote vingetoweka.

Jambo linalonifurahisha hapa ni kwamba mbinguni kuna mtego wa aina hii hii. Katika mzunguko wa Sumbula, sayari iitwayo pia Mshtarii au Jupita, kiasi cha nyuzi 60 mbele yake na nyuma yake, kuna makundi ya asteroidi yaitwayo Trojani, asteroidi ya kwanza kati yao ikiwa Achilles, iliyogunduliwa na Max Wolf mwaka 1906. Kwa mtazamaji anayezunguka pamoja na Sumbula, sehemu hizo mbili ni vilele vya nishati, si mabonde. Asteroidi inapoanza kuteremka kutoka kileleni, kani ya Coriolis, ile inayoonekana kwa mtazamaji anayezunguka, inaipinda kwa upande, sawasawa na sumaku inavyoipinda elektroni, na jiwe linazungukia kilele badala ya kuanguka kutoka kwake. Mwendo umefanya kazi ambayo utuli hauwezi.

Njia ya kutumia mrejesho ni rahisi kueleza. Kama mahali pamoja si imara, tazama na urekebishe. Treni ya sumaku ya Shanghai huning'inia kwa sumaku-umeme zinazovutwa kuelekea relini, hali ambayo ikiachwa yenyewe ingegongana au kuanguka. Vitambuzi hupima nafasi ya takriban milimita 10 na kubadilisha mkondo mara nyingi kila sekunde. Kwa sababu chaji na mikondo inabadilika, Earnshaw hahusiki.

Vitu visivyo na chaji lakini vinavyoitikia uga vina kisa chao. Karatasi, vumbi au tone la maji likiwekwa kwenye uga wa umeme, chaji zake za ndani zinajitenga kidogo, na kitu kinavutwa kuelekea uga mkali zaidi. Katika nafasi tupu nguvu ya uga inaweza kuwa na mahali pa chini kabisa, lakini haiwezi kuwa na kilele. Kwa hiyo umeme tuli haumnasi mpenda kilele. Sumaku ina bahati moja ambayo umeme hauna: kuna vitu, vikiwemo maji na tishu za viumbe, ambavyo husukumwa kutoka kwenye uga mkali kwenda kwenye uga hafifu. Hao mahali pao pa kutulia papo. Ndiyo maana mwaka 1997 Andre Geim na wenzake waliweza kumwelesha chura hai huko Nijmegen, ndani ya sumaku ya takriban tesla 16 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga sumaku).

Kwa nini basi jiwe ni gumu

Sharti la nafasi tupu ndilo lililompa J. J. Thomson matumaini. Mwaka 1904 alipendekeza kwamba atomi ni tufe la chaji chanya iliyosambaa, na elektroni zimo ndani yake. Hilo Earnshaw haligusi, maana mahali palipo na chaji ya kinyume si patupu, na mistari ya kani ina pa kuishia. Elektroni ndani ya tufe hilo ingetulia kwa msawazo imara wa kweli. Ulikuwa muundo wenye akili, na kosa lake halikuwa la hesabu.

Mwaka 1911 Ernest Rutherford, akieleza majaribio ya Geiger na Marsden, alionyesha kwamba chaji chanya haikusambaa. Imebanwa kwenye kiini kidogo mno. Mara moja nafasi inayozunguka kiini ikawa tupu, na Earnshaw akarudi na katazo lake: elektroni haziwezi kuwa zimetulia hapo. Lazima zitembee. Lakini fizikia ya wakati huo ilisema chaji inayozunguka hupoteza nishati kwa kutoa mawimbi, na elektroni ya haidrojeni ingeangukia kiini ndani ya muda wa takriban sehemu 1.6 kati ya sehemu mia bilioni za sekunde moja. Zikitulia haziwezekani, zikitembea zinaanguka. Ni katika kona hiyo ndipo Niels Bohr alipoingia mwaka 1913, na fizikia ya kwanta baada yake. Jibu lililopatikana ni kwamba kuibana elektroni kwenye nafasi ndogo huiongezea nishati ya mwendo, na ongezeko hilo linakua haraka kuliko faida ya kukisogelea kiini. Kwa haidrojeni, mizani inakubali kwenye nanomita 0.053.

Fuwele ya sodiamu kloraidi, yaani chumvi ya kawaida, inaonyesha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa. Mara nyingi hufundishwa kwamba inashikiliwa na mvutano wa ayoni chanya na hasi, jambo ambalo ni kweli kwa upande mmoja. Ila kama mvutano huo wa Coulomb ungekuwa peke yake, fuwele ingejikunja ndani yake yenyewe, kwa kuwa mpangilio wa chaji pekee hauna msawazo imara, hata uwe na ulinganifu mzuri kiasi gani. Kinachoizuia si umeme tuli. Mawingu ya elektroni ya ayoni jirani yanapoanza kuingiliana, kanuni ya Pauli inazikataza elektroni kushiriki hali moja, na msukumo unaibuka ghafla, ukiongezeka kwa kasi kubwa kuliko kani ya Coulomb. Ayoni zinavutwa na Coulomb hadi zinapoukuta msukumo huo, na hapo zinasimama, sodiamu na klorini zikiwa zimeachana kwa nanomita 0.28.